Kalenda ya idara ya wanawake 2027: tuhesabu mikono kabla ya kuhesabu matukio

#1 – Mleta uzi

Bwana asifiwe wapendwa.

Huu ni msimu wa vikao vya kupanga mwaka, na najua makatibu wengi wa idara za wanawake sasa hivi wana karatasi yenye miezi 12 mezani, na kila mwezi unadai ujazwe. Nimekuwa katibu miaka sita, kisha mwenyekiti miaka minne. Naleta uzi huu kwa sababu miaka yangu ya mwanzo niliipanga vibaya na walioumia ni akina mama wenyewe.

Mwaka wangu wa pili tulipitisha kalenda yenye matukio 19. Mkesha, semina ya ndoa, semina ya malezi, mafungo, siku ya mabinti, siku ya wazee, uinjilisti, kongamano, kila kitu. Tuliibandika kwenye ubao wa matangazo, watu wakatupongeza. Kufika Julai tulikuwa tumeahirisha matukio matano, na katika yale tuliyoyafanya, majina kwenye daftari la zamu yalikuwa yale yale sita. Jioni moja, semina imekwisha, nilimkuta mmoja wa hao sita ameketi kwenye ngazi za nyuma, amevua viatu, funguo za ukumbi ziko mkononi. Nikamwuliza kama somo limembariki. Akaniambia: "Katibu, tangu Januari sijasikiliza somo hata moja mpaka mwisho. Yote yananikuta nje."

Sikulala vizuri usiku ule. Tulikuwa tunaandaa masomo ya kumjenga mwanamke, na wanawake sita bora tuliokuwa nao hawajawahi kukaa wakayasikia.

Tangu hapo sianzi na tarehe. Naanza na karatasi ya majina. Naandika wale wanaoweza kweli kubeba jukumu mwaka unaokuja. Naweka nyota kwa anayetarajia kujifungua, anayeuguza mzazi, anayesoma, aliyefiwa karibuni. Hao mwaka huu ni wa kubebwa. Waliobaki nawapanga wawili wawili, msimamizi na msaidizi wake, na jozi moja haipewi zaidi ya matukio mawili kwa mwaka. Mkiwa na watu kumi mna jozi tano, maana yake matukio kumi ndiyo dari yenu. Dari hiyo si lazima muiguse. Sisi tulitoka 19 tukashuka hadi saba, na ndio mwaka wa kwanza tulifanya yote tuliyoyatangaza.

Msaidizi wa mwaka huu ndiye msimamizi wa mwaka ujao wa tukio lile lile. Jambo dogo, lakini ndilo lililotuokoa na kuanza upya kila Januari.

Karibuni tuchangiane. Nitaendelea na tarehe.

#2 – KatibuMpya

Asante mama kwa uzi huu, umenikuta pabaya. Nimechaguliwa juzi tu na mchungaji anataka rasimu ndani ya wiki mbili. Aliyenitangulia aliniachia daftari la mahudhurio na funguo za kabati, basi. Majina nitayaandika leo. Ila kwenye tarehe nimekwama: niweke nini kwanza?

#3 – Mleta uzi

Pole na hongera, dada yangu. Kwanza omba kalenda ya kanisa zima kabla hujaandika chochote. Idara ya wanawake haiishi peke yake. Kuna juma la uinjilisti, kuna vijana, kuna kwaya, kuna mikutano ya jimbo au dayosisi ambayo hamwezi kuikwepa. Ukiipata, igonge kwenye karatasi yako kwa kalamu ya wino. Ya kwenu yaandike kwa penseli.

Sasa 2027 yenyewe. Pasaka inahama, inaweza kuangukia popote kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, na nusu ya kalenda ya kanisa inahama nayo. Mwaka 2026 ilikuwa tarehe 5 Aprili. Mwaka 2027 inakuja mapema, tarehe 28 Machi. Kwa makanisa yanayoshika Kwaresima, Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari. Kwa hiyo mliozoea kufanya semina kubwa katikati ya Februari, mkinakili tarehe za mwaka jana mtajikuta mmeingia kwenye mfungo bila kukusudia.

Machi itakuwa imejaa. Ijumaa ya kwanza, tarehe 5, ni Siku ya Maombi ya Dunia, ile ambayo kila mwaka wanawake wa nchi moja huandaa ibada na wengine wote duniani huisali. Mwaka 2026 iliandaliwa na wanawake wa Nigeria. Siku hiyo ilianza kuadhimishwa kama siku ya dunia nzima mwaka 1927, hivyo 2027 inatimiza miaka 100. Kama kuna mwaka wa kuifanya vizuri, pamoja na akina mama wa makanisa jirani, ni huu. Siku tatu baadaye, Jumatatu tarehe 8, ni Siku ya Wanawake Duniani. Kisha Ijumaa Kuu tarehe 26 na Pasaka tarehe 28. Wenzetu wa Umoja wa Akina Mama wa Kianglikana nao wana tarehe 25, sikukuu ya Mariamu kupashwa habari, ambayo mwaka huo inaangukia Alhamisi ya Juma Kuu, kwa hiyo waulize mapema kanisani kwenu itasogezwa lini.

Mei nayo hivyo hivyo. Kupaa kwa Bwana ni Alhamisi tarehe 6, Jumapili ya tarehe 9 ni Siku ya Mama kwa nchi zinazoiadhimisha Jumapili ya pili ya Mei, na Pentekoste ni tarehe 16. Jumapili mbili mfululizo zenye uzito, na siku tatu kabla ya ile ya kwanza kuna Kupaa. Ukibandika kongamano Mei unawaua watu wako.

Ndiyo maana kwa 2027 mimi naweka kongamano Agosti, Ijumaa na Jumamosi tarehe 20 na 21. Nikishaandika hiyo narudi nyuma. Miezi sita kabla, yaani mwishoni mwa Februari, mnenaji awe ameitika na wazee wa kanisa wameridhia. Miezi minne kabla bajeti imepita. Miezi miwili kabla tangazo limetoka na uandikishaji umeanza. Wiki mbili kabla, hakuna wazo jipya linalopokelewa hata liwe zuri namna gani. Tarehe hizo za maandalizi nazo naziandika kwenye kalenda, kwa sababu ni kazi na zinakula jioni za watu.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakiangalii: 2027 ina miezi minne tu yenye Jumamosi tano. Tarehe zenyewe ni 30 Januari, 29 Mei, 31 Julai na 30 Oktoba. Hazina mwenyewe, kwa sababu ratiba za kila mwezi hupangwa kwa Jumamosi ya kwanza hadi ya nne. Sisi tumeziweka zote kuwa za kutembelea. Hakuna ukumbi wala mnenaji wala mchango. Tunakutana, tunaomba dakika kumi, tunatawanyika wawili wawili kwenye nyumba za wagonjwa, wazee wasiotoka, na waliopotea kanisani bila mtu kujua sababu.

Desemba iacheni. Majilio yanaanza 28 Novemba na Krismasi yenyewe ni Jumamosi. Mama aliyechoka mwezi ule anahitaji kuja ibadani akae.

#4 – MhaziniMstaafu

Nimeshika hela ya idara miaka mingi, naomba niongeze upande wa fedha kwa sababu hapo ndipo kalenda nyingi hufia.

Msipitishe tukio lisilo na mstari wa bajeti. Mnasema "tutachangishana", halafu kufika Septemba mama yule yule ameshatoa mara saba, na wale wasio na uwezo wameanza kukwepa ibada wakiogopa bahasha. Nimeyaona kwa macho. Mama anaketi karibu na mlango ili tangazo la mchango likianza atoke.

Tulichofanya: mchango mmoja wa mwaka, unaotangazwa Januari, unaolipwa kidogo kidogo, na asiyeweza anamwambia mwenyekiti peke yake, hakuna orodha inayosomwa mbele ya watu. Katika jumla hiyo fungu la kumi tunaliweka pembeni na haliguswi na semina yoyote. Ni la misiba na dharura. Kila mwaka limetumika, na kila mwaka kuna mtu kwenye kikao anayependekeza tulitumie kupamba ukumbi. Mhazini simama imara hapo.

Na hesabu zisomwe kila robo mwaka, hata kama kilichoingia ni kidogo. Watu wanatoa kwa moyo wakiona kilichotoka kimeenda wapi.

#5 – BintiWaZamu

Naombeni niseme la upande wetu. Nina miaka 27, sijaolewa, nafanya kazi kwa zamu. Kalenda ya idara yetu ina semina mbili za ndoa, moja ya malezi, na Siku ya Mama. Kila kitu Jumamosi asubuhi, saa ambayo mimi ndiyo natoka kazini. Halafu tunaambiwa mabinti hawajitoi.

Na hiyo Siku ya Mama, jamani. Mwaka jana akina mama wote waliitwa mbele wapewe maua. Tulibaki kwenye viti wachache. Aliyeketi pembeni yangu alikuwa ameharibikiwa mimba wiki chache nyuma na hakuna aliyejua zaidi yangu. Alinishika mkono mpaka ibada ikaisha. Jumapili iliyofuata hakuja.

#6 – Mleta uzi

Binti yangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Pole, na umfikishie pole huyo mwenzako.

Nakiri na sisi tuliwahi kuwaita watu mbele. Tuliacha baada ya mama mmoja aliyezika mtoto kuniuliza ofisini: "Niliposimama nilikuwa nadanganya au nilikuwa nasema kweli?" Sikuwa na jibu la kumpa, nikalia naye. Sasa siku hiyo hakuna anayeitwa mbele na hakuna anayebaki kwenye kiti. Maua yanakaa mlangoni, kila mwanamke anayeingia anapewa, msichana wa miaka 12 na bibi wa miaka 80, bila swali. Na kwenye maombi ya siku ile tunawataja kwa sauti waliofiwa na mama zao, waliozika watoto, wanaosubiri mtoto, na waliolea watoto wasiowazaa. Sala hiyo ni dakika nne. Wiki moja kabla naipeleka kwa mchungaji ikiwa imeandikwa ili isije ikasahaulika katika wingi wa matangazo.

Kuhusu muda uko sahihi kabisa. Hili kila katibu alifanye kabla ya kikao: chukua kalenda ya mwaka unaoisha, mbele ya kila tukio andika siku na saa, halafu jiulize ni nani asingeweza kufika. Ya kwetu ilipofanyiwa hivyo ilionyesha kwamba mwanamke anayefanya kazi Jumamosi angeweza kuhudhuria matukio mawili tu kwa mwaka mzima. Tulihamisha somo la Biblia kwenda Jumapili baada ya ibada, na kikundi kimoja cha maombi tukakiweka kwenye simu saa tatu usiku, nusu saa tu. Kikundi hicho ndicho kimedumu kuliko vyote.

Na semina zenyewe: kama tatu zinahusu ndoa na watoto, ya nne isihusu. Kazi, fedha, afya, upweke, kuzeeka, kusoma Maandiko kwa kina. Lidia wa Thiatira alikuwa mfanyabiashara wa zambarau na kanisa la Filipi lilikutana nyumbani kwake. Hatujaambiwa popote habari za mume wake.

#7 – MkeWaMchungaji

Mleta uzi nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe kwenye kupunguza. Kanisa letu ni changa, liko mahali ambapo akina mama wengi hawajuani. Tulipojaribu kupunguza matukio, watu walitawanyika. Kwetu tukio ndilo linalowakutanisha. Mwezi ukipita bila kitu, mwezi unaofuata wanakuja nusu. Na wengine hawana mahali pengine popote pa kwenda kupumzika na nyumba zao. Ukiwanyima semina umewanyima pumzi.

#8 – Mleta uzi

Mama mchungaji, nakubali hapo. Kanisa changa lina mahitaji yake, na niliposema saba nilikuwa nasimulia ya kwetu, isiwe kipimo cha mtu mwingine. Kama jozi zenu zinatosha kukutana kila mwezi, kutaneni kila mwezi. Ninachoomba ni kwamba kukutana na kuandaa tukio visihesabiwe kuwa kitu kimoja. Mkutano wa kila mwezi unaweza kuwa viti kwenye duara, mlango mmoja wa kitabu cha Ruthu, maombi, nyumbani. Hauna kamati. Hauna sare. Mama anaupata muda wake wa kupumzika na hakuna aliyebaki nje akihesabu viti.

Umenikumbusha pia jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi, na nilikuwa nalisogeza mbele kila mara.

Tuna kalenda ya pili. Haibandikwi ubaoni. Ni daftari dogo, analo mwenyekiti na mama mmoja mzee ambaye kila mtu anajua hasemi ovyo. Lilianza hivi. Mama mmoja wa kanisani alifiwa na mumewe. Msiba ule tulihudhuria kwa wingi, tuliimba, tulikesha, idara ilitoa rambirambi. Miezi mitano baadaye nilikutana naye njiani nikamwambia tumekukosa. Akanijibu taratibu, bila hasira: "Mlikuja wote siku moja, mkaondoka wote siku moja." Akaendelea na safari yake.

Basi sasa mwanamke wa kanisa letu akifiwa, siku tunayotoka makaburini tunaandika tarehe tano kwenye daftari: wiki mbili, miezi mitatu, miezi sita, miezi tisa, mwaka. Kila tarehe ina jina la mmoja wetu. Siku ikifika huyo anakwenda, mikono mitupu hata, anakaa. Anamtaja marehemu kwa jina, kwa sababu ndicho kitu ambacho wajane wengi wanatuambia watu wameacha kufanya. Vivyo hivyo kwa aliyeharibikiwa mimba, ila hapo tunaandika pia tarehe ambayo mtoto alikuwa azaliwe. Na aliyefanyiwa upasuaji. Na mama ambaye binti yake wa mwisho ameondoka nyumbani.

Umoja wa Mataifa una Siku ya Wajane Duniani, tarehe 23 Juni, inaadhimishwa tangu 2011. Mwaka 2027 ni Jumatano, sisi tumeisogeza hadi Jumamosi tarehe 26. Siku hiyo wajane wenyewe ndio wanaoongoza ibada na wao ndio wanaochagua somo. Mwaka wa kwanza tulidhani watachagua la faraja. Walichagua haki: yule mjane wa Luka 18 aliyemsumbua kadhi mpaka akasikilizwa. Baada ya ibada ndipo tukajua wawili wao walikuwa wananyang'anywa nyumba, nasi tulikuwa tukiwapelekea kadi za pole. Tangu hapo siku hiyo tunamwalika mtu anayejua sheria ya mirathi, akae na kila mmoja faragha.

Nikisema tupunguze matukio, nafasi ninayoitafuta ni ya hilo daftari.

#9 – KatibuMpya

Nimesoma yote nikiwa na kalamu. Swali moja: hilo daftari nalipelekaje kwenye kikao? Wajumbe wetu wanapenda vitu vya kuonekana. Kalenda yenye matukio machache naogopa wataiita uvivu wa katibu mpya.

#10 – Mleta uzi

Daftari usilipeleke kwenye kikao hata kidogo. Ongea na mwenyekiti na mchungaji pembeni, wakikubali anza. Likiingia kwenye mihtasari, mambo ya watu yataingia kwenye mihtasari.

Kwenye kikao peleka karatasi ya majina. Usianze kwa kusema "nataka kupunguza". Soma tukio la kwanza, uliza nani msimamizi, subiri. Andika jina. Soma la pili, uliza, subiri. Ukifika mahali jina la mtu linatajwa mara ya tatu, sema tu kwamba dada huyu ameshapewa mawili, tumtafute mwingine. Nyamaza. Ule ukimya utafanya kazi ambayo hotuba yako isingeifanya. Matukio yasiyo na jina yaandike kwenye karatasi ya pembeni, uyaite ya kusubiri. Hakuna aliyenyimwa wazo lake na hakuna aliyebebeshwa.

Na ukitoka hapo, andika faili la kila tukio: nani alisimamia, walikuja wangapi, kilitumika kiasi gani, nini kilikwama. Ukurasa mmoja tu. Usimwachie atakayekufuata funguo za kabati peke yake.

#11 – BintiWaZamu

Yule mwenzangu niliyemtaja, nimempigia leo mchana. Tarehe aliyokuwa ajifungue ni mwezi ujao, tarehe 14. Sikuwahi kumwuliza. Amenitajia bila hata kufikiri.

#12 – Mleta uzi

Iandike. Omba ruhusa kazini mapema ili zamu isikubane siku hiyo. Ukifika usitafute maneno, binti yangu, kaa naye tu. Na kama atapenda, mwulize kama walikuwa wamechagua jina.